Eti albamu si yangu kwa sababu nimebadilisha mtindo?

Wakuu, salaam. Huu uzi ni wa hasira na utakuwa mrefu kidogo, mwenye haraka apite tu.

Mimi ni mwanamuziki ninayejitegemea. Sina lebo, sina meneja, kuanzia kurekodi mpaka kava natoa mfukoni mwangu. Albamu ya kwanza ilikuwa gitaa na sauti, basi. Ya pili nikaingia kwenye sinthesaiza na biti za kompyuta. Ya tatu jazi, tukiwa watatu studio, tunapiga kwa pamoja bila kukatakata. Ya nne, hii iliyonileta hapa, ni roki ya magitaa yanayounguruma. Sibadilishi ili nionekane mjuaji. Nikimaliza albamu moja, vidole vinarudi palepale kila nikishika gitaa, kwa hiyo nalazimika kwenda mahali ambapo sijui kitu. (Jazi ilinichukua mwaka na nusu kabla sijathubutu kurekodi, na kuna wimbo mmoja humo mpaka leo naukwepa.)

Sasa sikilizeni. Ijumaa ya kutoka albamu naamka alfajiri, nafungua ukurasa wangu kwenye jukwaa la kusikilizia muziki mtandaoni, hakuna kitu. Nikadhani imechelewa. Natafuta kwa jina la albamu, naikuta! Ipo kwenye ukurasa mwingine kabisa, jina ni langu lilelile, picha hakuna, wafuasi sifuri. Wameniumbia pacha. Wafuasi niliowakusanya mmojammoja kwa miaka sita hawakupata hata taarifa kwamba nimetoa kazi, maana wao wanamfuata yule mimi mwingine.

Namwandikia msambazaji, yaani kampuni inayonipelekea nyimbo kwenye majukwaa (simtaji, ila ada yake ya mwaka haijawahi kuchelewa kukatwa hata siku moja). Siku nne kimya. Ya tano linakuja jibu la kunakili na kubandika: muziki huu haufanani na kazi za awali za msanii, hivyo nithibitishe kwamba ukurasa wa zamani ni wangu. Yaani nithibitishe kwamba mimi ni mimi! Na kwenye fomu ya kuwasilisha albamu kiungo cha ukurasa wangu nilikiweka, palepale wanapokiuliza. Nani alikisoma? Kwa ninavyoona waliangalia kisanduku cha aina ya muziki tu, wakaona juzi jazi leo roki, wakahitimisha kwamba hawa ni watu wawili.

Kile kisanduku nacho nina ugomvi nacho wa siku nyingi. Kinataka aina moja kuu kwa albamu nzima. Mle ndani kuna wimbo unaoanza kwa ngoma na besi peke yake, unaishia kwa makelele matupu, niuiteje? Nikichagua "Mbadala" ni kama nimejaza "Mengineyo".

Kama hujui kwa nini siku hizo zinaniuma: tangu 2024 jukwaa kubwa kuliko yote la muziki, Spotify, halilipi chochote kwa wimbo ambao haujafikisha usikilizaji 1,000 ndani ya miezi 12. Wenye majina makubwa hiyo 1,000 wanaipata kabla ya chai. Sisi wadogo tunaisogelea kwa wale wafuasi wanaopata taarifa wiki ya kwanza. Hao ndio nimenyimwa.

Na msiniambie hili limeletwa na kompyuta. Mwaka 1983 lebo ya Geffen ilimshitaki mwanamuziki wake wa roki, Neil Young, ikidai zaidi ya dola milioni 3, kisa albamu alizowapa hazikufanana na Neil Young waliyemzoea. Alikuwa ametoka kwenye sinthesaiza akarukia rokabili, ile rock and roll ya miaka ya 1950. Mtu anapelekwa mahakamani kwa kutofanana na yeye mwenyewe! Angalau yeye alikuwa na mawakili. Mimi nina namba ya tiketi ya malalamiko.

Mashabiki nanyi mpo kwenye orodha yangu. Kutoipenda roki ni haki yako, hata mama yangu haipendi. Lakini kuna mtu kaniandikia aya tatu eti nimemsaliti, utadhani tulifunga ndoa. Ndugu, ile ya gitaa haijafutwa. Ifungue, ipo, sauti ni ileile.

Kuna aliyewahi kukutwa na hili hapa? Ulitumia njia gani likaisha haraka? Wale wa "si ungebaki na mtindo mmoja" naomba mnipitie mbali, nimeshalisikia.

NYONGEZA: Wamejibu leo, siku ya 19. Albamu itahamishiwa kwenye ukurasa wangu "ndani ya siku 5 hadi 10 za kazi". Chini yake wameweka ushauri wa bure: siku zijazo nitumie jina tofauti kwa kila aina ya muziki ili kuepuka usumbufu. Albamu ya tano nimeshaianza, na haina gitaa hata moja.