Mjadala: Krimu kali za steroidi zifungiwe, au watu waachwe wajitibu?

Mwenye mada, Kisenyi:

Ndugu zangu, naomba tulizungumze jambo hili waziwazi. Mimi nasema krimu kali za steroidi, yaani dawa za kutuliza muwasho na uvimbe wa ngozi, hasa zenye klobetasoli, zisiuzwe kabisa hapa Uganda bila cheti cha daktari. Na zile zinazopangwa kwenye maduka ya vipodozi, bega kwa bega na losheni na mafuta ya nywele, ziondolewe kwanza. Najua wapo watakaonipinga, karibuni.

Kilichonisukuma ni binti wa dada yangu, ana miaka sita. Mwaka jana alitoka choa shavuni, kiduara kidogo kama sarafu. Mama yake akaenda duka la mtaani, akapewa tyubu ya "tatu kwa moja": ndani mna dawa ya fangasi, dawa ya bakteria na steroidi. Siku ya tatu mtoto hajikuni tena, sote tukashukuru. Kuacha kupaka tu, choa kikarudi. Akapaka tena, kikarudi kikubwa zaidi, na safari hii hakikuwa na duara wala ukingo. Kilitapakaa shavu zima hadi karibu na jicho, na aliyempima mara ya kwanza alidhani ni mzio wa sabuni. Steroidi inatuliza muwasho kwa kuipumbaza kinga ya mwili pale ilipopakwa. Mlinzi amelala, mwizi anaendelea kuchukua vyombo.

Na tyubu ile haikuishia kwa mtoto. Mama yake aliona pale anapompaka panang'aa, akaanza kujipaka mwenyewe kila usiku. Miezi mitano majirani walimsifu. Baada ya hapo vikatoka vipele vingi kidevuni, ngozi ikawa nyembamba, akitoka juani uso unamuwaka moto. Siku hizi akikosa kupaka siku mbili tatu uso unamvimba, kwa hiyo anapaka ili uso utulie, ingawa anajua fika kwamba ndiyo inayomuumiza.

Klobetasoli ni miongoni mwa steroidi kali kuliko zote za kupaka. Mwisho wake ni wiki mbili mfululizo, isizidi gramu 50 kwa wiki, na usoni haipakwi ovyo. Nani kati yenu amewahi kuambiwa hivyo dukani? Ukipaka sehemu kubwa ya mwili kwa muda mrefu, dawa inapenya hadi kwenye damu na tezi zilizo juu ya figo zinapunguza kutengeneza homoni yake. Ukiizoesha karibu na macho, presha ya jicho inaweza kupanda. Na ile michirizi ya mapajani, ikishatoka imetoka.

Nesi wa Busia:

Mwenye mada, pole sana kwa mtoto na kwa dada. Lakini mimi nakupinga, tena nina sababu. Ni nesi, nina duka la dawa, miaka kumi na moja sasa.

Analetwa kwangu mtoto mwenye pumu ya ngozi (ekzima). Kajikuna usiku kucha mpaka shuka lina damu, mama hajalala. Unataka nimwambie akatafute cheti? Madaktari wa ngozi nchini ni wachache na wako miji mikubwa. Serikali ilifuta ada za matibabu mwaka 2001, ni kweli, lakini ni mara ngapi mgonjwa anatoka kituo cha afya na kikaratasi mkononi, kaambiwa dawa imekwisha, kanunue? Anakuja kwangu! Kwa mtoto huyu haidrokotisoni, steroidi dhaifu, ya asilimia 1, siku chache, pamoja na mafuta ya kulainisha ngozi, ni rehema. Hata Uingereza mtu mzima anainunua famasi bila cheti. Mkisema "steroidi" mnazitia zote kapu moja, kali na dhaifu, na atakayeumia ni huyo mama.

Halafu sisi tunaishi mpakani. Kitu kikifungwa asubuhi, jioni kimepita njia za panya. Wale wa kujichubua watarudi kwenye mkorogo na sabuni za zebaki. Uganda imo kwenye Mkataba wa Minamata unaozipiga marufuku, na zebaki inaharibu figo, lakini mjini bado vitu hivyo vinapatikana. Tyubu walau imeandikwa kilichomo.

Salongo, Jinja:

Dada nesi, nakuheshimu, ila hapo mwisho sikubali. Kuandikwa kilichomo kunamsaidia nini mtu ambaye hajui neno lile maana yake nini? India walikuwa na tatizo hili hili, krimu za mchanganyiko zikiuzwa kama karanga, choa sugu kikaenea nyumba hadi nyumba. Mwaka 2018 wakaamuru steroidi za kupaka ziuzwe kwa cheti. Tusingoje tufike huko.

Na sheria ya NDA, Mamlaka ya Taifa ya Dawa, ya mwaka 1993 ipo. Inaliruhusu duka la dawa kuuza dawa za kundi C peke yake, kundi B ni la famasi. Muuza vipodozi hana kundi lolote. Tuanzie hapo.

Nalongo wa Mbale:

Mnazungumzia tyubu, mmesahau vidonge. Mimi nilipopata chunusi baada ya kujifungua, niliuziwa makopo matatu: biotini (aina ya vitamini), zinki na glutathioni "ya kung'arisha". Fedha ya ada ya mtoto ilienda huko. Chunusi hazikutoka.

Baadaye nikasoma. Mtu mzima anahitaji takriban mikrogramu 30 za biotini kwa siku, na chakula cha kawaida kinazileta. Kopo langu lilikuwa na mikrogramu 10,000 kwa kidonge kimoja. Mwaka 2017 mamlaka ya dawa ya Marekani ilionya kwamba biotini nyingi inaweza kupotosha vipimo vya damu, hata kile cha kutambua mshtuko wa moyo, kikasoma chini wakati moyo umeumia. Zinki nayo ikizidi kwa miezi inaunyima mwili madini ya shaba. Vitamini A ya vidonge ikizidi kwa mjamzito inaweza kumlemaza mtoto tumboni. Hakuna aliyeniuliza kama nina mimba!

Sisemi lishe haihusiani na ngozi. Anayekula posho (ugali wa mahindi) tupu siku nenda rudi anaweza kupata pelagra, ugonjwa wa kukosa vitamini, ngozi ya shingo na mikono inakuwa nyeusi na kubanduka pale jua linapopiga. Mtoto mwenye kwashakoo, ngozi inambabuka kama rangi ya ukuta wa zamani. Wodi ya Mwanamugimu pale hospitali ya Mulago, Kampala, imehudumia watoto kama hao kwa miongo. Hao virutubisho ni dawa yao. Mimi nilikuwa nakula maharage, mukene (dagaa) na dodo (mchicha) kila wiki. Nilikuwa napungukiwa nini hasa?

Kijana wa Arua:

Kwa ngozi kavu tu, huku kaskazini kuna mafuta ya mti wa shea, bibi zetu wametumia tangu zamani. Hayaui choa wala hayatibu upele, lakini kwa ukavu naona yanatosha kabla hujagusa tyubu.

Mwenye mada, Kisenyi:

Dada wa Busia, umenirudisha nyuma kidogo, nakiri. Haidrokotisoni dhaifu ibaki dukani, sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni klobetasoli, betamethasoni na hizo tatu kwa moja. Mtoto wetu alipona kwa dawa ya fangasi peke yake, ya kumeza na ya kupaka, wiki sita, bila tone la steroidi. Mama yake bado anapunguzwa taratibu chini ya mtaalamu, kwa sababu kuacha ghafla baada ya miezi mingi kungemlipua uso mzima. Mwenye hali kama yake asitupe tyubu leo usiku akadhani amemaliza, aende aonwe.

Nakuuliza wewe unayejua kazi hii: zikiondolewa hizo kali peke yake, utakubali?

Nesi wa Busia:

Nitakubali, kwa sharti. Kila kituo cha afya cha daraja la tatu kiwe na haidrokotisoni, dawa ya fangasi na dawa ya upele mwaka mzima, na nesi mmoja afundishwe kutofautisha choa na pumu ya ngozi. Hiyo "tatu kwa moja" watu wanaipenda kwa sababu inamwokoa muuzaji asiyejua ugonjwa ni upi. Nami nimeiuza sana, zaidi ya ninavyopenda kukumbuka. Wiki hii ninaitoa kwenye rafu yangu, sheria ije au isije.

Salongo, Jinja:

Na maduka ya vipodozi je? Hapo bado hujajibu, dada.