Tupeane uzoefu: matuta ya mwinuko kwa mboga za Septemba, Nyanda za Juu Kusini

Mwanzisha mada
Wadau, kipupwe kinaachia. Kuanzia katikati ya Septemba mpaka mvua za Novemba ndiyo kipindi cha mboga za kumwagilia, na tuta unalotengeneza sasa ndilo litakalopokea mvua za Januari. Hapo ndipo wengi tunakosea: tuta la jua linakutwa na mvua, au tuta la mvua linakaukia juani. Kila mtu ataje eneo lake, maana Tukuyu na Isimani mbingu zake hazifanani. Hadithi tuziweke pembeni, tuleteeni vipimo.

Kinyungu (Iringa)
Naanza na kimo, kwa sababu ndicho kinachoamua mengine yote.

Iringa mjini na kuelekea Isimani mvua ya mwaka mzima kwa kawaida haifiki milimita 800. Tuta la juani huku lisizidi sentimita 15. Ukilipandisha hadi 30, upepo wa Oktoba unalipiga juu na ubavuni, na kufika saa nane mchana spinachi imelala. Lakini bondeni kwenye vinyungu mambo yanageuka: maji yako karibu, mzizi ukiyafikia unaoza. Chimba shimo la sentimita 50, lifunike, rudi kesho yake asubuhi. Ukikuta maji yamesimama chini, inua tuta sentimita 30 na katikati ya matuta acha mfereji wa sentimita 40. Shimo likiwa kavu, 15 zinatosha.

Upana mita 1.2, mkono ufike katikati kutoka kila upande bila mtu kukanyaga ndani. Ukikanyaga tuta mara moja likiwa bichi, kazi yote ya kulegeza udongo imepotea. Njia iwe sentimita 50, na 60 kama toroli inapita. Kwenye mteremko tuta likinge maji, lisielekee bondeni. Wanaoyaelekeza bondeni ili "maji yatoke vizuri" wanatoa na udongo.

Tukuyu Juu
Rungwe ni kinyume cha Iringa. Tukuyu mvua inapita milimita 2,000 kwa mwaka, kwa hiyo sentimita 30 hadi 35 tangu siku ya kwanza. Udongo wetu wa majivu ya volkano ni mwepesi na unapitisha maji vizuri, usiongeze mchanga hata kidogo. Shida yetu ni kingo kumomonyoka na mbolea kuoshwa. Kingo ziwe na mlalo, zipigwe kwa mgongo wa koleo zikiwa na unyevu, kisha panda liki au vitunguu ukingoni, mizizi yake inashika udongo. CAN (mbolea ya kukuzia) igawe mara mbili kwa nusu nusu. Ukiweka yote kwa pamoja, mvua mbili tu imeondoka.

Mabanzi (Mafinga)
Kwa wanaotaka kuzungushia mbao: vipimo vya tuta vifuate mbao, siyo mbao zifuate tuta. Mbao zetu ni za futi 12. Mtu akipanga tuta la mita 5, anabaki na vipande visivyo na kazi. Fanya futi 12 kwa futi 4, yaani mita 3.6 kwa 1.2. Kwa kimo cha futi moja unahitaji mbao 6 za inchi 1 kwa 6: nne zinakaa ubavuni zikiwa nzima, safu mbili kila upande, na mbili zinakatwa vipande vya futi 4 kwa ajili ya vichwa. Vipande viwili vinavyobaki vipasue, vinakuwa mambo (vigingi).

Mambo ndiyo watu wanayobania. Udongo ukilowa unasukuma. Mbao ya futi 12 yenye mambo kwenye kona tu itatoka tumbo katikati, misumari itang'oka na udongo utamwagika njiani. Weka mambo kila futi 4, kwa upande wa nje, yazame ardhini angalau futi moja na nusu. Misumari ya inchi 3 ipigwe kwa mshazari.

Msindano usiotiwa dawa unaoza haraka ukigusana na udongo mbichi, mkaratusi unavumilia zaidi. Mabanzi ya kiwandani ni rahisi sana, ila yabanduliwe magome kwanza, chini ya gome ndipo mchwa anapoanzia. Nguzo zilizotiwa dawa ya kijani, zile za umeme, zisiguse tuta la mboga, dawa yake ina aseniki. Oili chafu nayo isipakwe, inaingia kwenye udongo.

Na mwenye shamba la mianzi ya ulanzi (pombe ya mianzi) asije akaikata kufanyia kingo halafu alaumu mada hii. Wazee hawatakuelewa.

Kinyungu (Iringa)
Mkuu Mabanzi, nakubali vipimo, sikubali haja. Tuta la udongo mtupu lenye kingo zilizopigwa vizuri linafanya kazi ileile bila gharama. Mbao zina maana kwenye kiwanja chenye mawe au uwani ambako udongo unaletwa.

Mabanzi (Mafinga)
Hapo tuko pamoja. Shambani sishauri mbao. Uwani ndiyo.

Mama Mboga Uyole
Sasa tujaze. Tuta la Mabanzi la 3.6 kwa 1.2 kwa sentimita 30 linameza karibu lita 1,300, yaani ndoo 65 za lita 20. Gawanyeni hivi: udongo wa juu ndoo 35, samadi iliyoiva au mboji ndoo 20, na ndoo 10 za mchanga wa mtoni kama udongo ni mfinyanzi. Kama udongo wenu ni mwepesi, hizo 10 ziwe udongo tena. Udongo wa juu ni ule mweusi wa sentimita 20 za mwanzo. Mwekundu wa chini, hata ukipendeza, hauna kitu. Jazeni mpaka ufure juu ya mbao, mwagieni maji, acheni wiki mbili. Utashuka, mtaongeza.

Kabla ya kujaza, chini pachimbuliwe kina cha jembe moja. Mkiweka udongo mzuri juu ya ardhi ngumu mnatengeneza beseni: maji yanashuka, yanagota, yanakaa, na kabichi inakuwa njano katikati ya tuta lenye samadi tele. Watu wanakimbilia kuongeza mbolea, kumbe mizizi inakosa hewa.

Kwa tuta la udongo wa hapo hapo, samadi ndoo moja kwa kila mita 2 za mraba, ichanganywe kwenye sentimita 15 hadi 20 za juu. Isizikwe chini kabisa.

Samadi iliyoiva mnaijuaje? Chomekeni kijiti kirefu katikati ya lundo, kiacheni dakika kumi, kichomoeni mkishike. Kikiwa cha moto, bado. Kisha shikeni konzi moja mkamue: iliyoiva inanuka kama udongo wa msituni, inashikana kidogo na kuvunjika ukiigusa kwa kidole, na huoni jani wala bua ndani yake. Ikinuka choo, mkaiweka, itachoma miche na kuleta sota (funza wakata miche).

Mgeni 07
Mama shikamoo. Ya kuku je? Na maranda, huku Mafinga yamejaa bure?

Mama Mboga Uyole
Marahaba mwanangu. Ya kuku ni kali, tumia theluthi ya kiasi cha ng'ombe, na iwe imekaa miezi miwili au mitatu kwenye lundo linalogeuzwa. Maranda mabichi usichanganye kwenye tuta hata konzi moja. Vijidudu vinavyoyaozesha vinakula naitrojeni ya udongo, mboga inadumaa na kupauka. Yamwage kwenye njia, yanazuia tope na magugu. Yakishaoza na kuwa meusi kabisa, tutayaongelea.

Njombe Baridi
Huku kwetu na Mufindi kuna mambo mawili.

La kwanza ni uchachu wa udongo. Ukiwa chini ya pH 5.5, fosforasi inashikwa na udongo, unaweka DAP (mbolea ya kupandia) na mmea hauipati. Dalili ni majani ya kabichi changa kugeuka zambarau kwa chini, ingawa baridi nayo inaleta rangi hiyo, kwa hiyo pima kwanza. TARI Uyole (taasisi ya utafiti wa kilimo, Mbeya) wanapima udongo. Kipimo kikidai, weka chokaa ya kilimo gramu 200 hadi 300 kwa mita ya mraba, uichanganye, umwagie maji, usubiri wiki tatu au nne ndipo uweke mbolea. Isikutane na samadi mbichi, CAN wala urea siku hiyohiyo, naitrojeni itapaa hewani. Chokaa ya kupaka nyumba siyo hiyo jamani, ile ni kali.

La pili ni sakitu. Hewa baridi inatiririka kama maji na kutuama bondeni, ndiyo maana vinyungu vinapigwa kabla ya vilima. Kabichi, karoti na njegere vinavumilia. Nyanya na hoho visitoke kitaluni, wala maharage yasipandwe, kabla ya katikati ya Septemba, na kwa Makete subirini zaidi. Usiku usio na mawingu wala upepo, funikeni nyasi kabla jua halijazama, mfunue asubuhi.

Kitalu Mbalizi
Mbegu za kabichi zinatangulia, wiki nne hadi tano kabla ya tuta kuwa tayari. Mistari ya sentimita 10 hadi 15, kina sentimita moja, nyasi juu, na nyasi zitoke siku mche wa kwanza unapochungulia. Ukichelewa siku mbili unapata miche mirefu mieupe kama uzi. Kinyausi (miche kuoza shingo na kuanguka) kinatokana na msongamano na maji ya jioni. Mwagilia asubuhi, punguza miche. Wiki ya mwisho punguza na maji, ikomae.

Nafasi kwenye tuta la mita 1.2: kabichi mistari miwili, sentimita 60 kwa 45, kwa hiyo tuta la 3.6 linabeba 16. Spinachi 30 kwa 30, mistari minne, miche 48. Karoti isipewe samadi ya msimu huu, inatoa miguu miwili. DAP kizibo kimoja cha soda kwa shimo, funika kwa udongo ndipo uweke mche, mzizi usiguse mbolea. CAN baada ya wiki tatu, kizibo kimoja kwa mche, duara la sentimita 10 kutoka kwenye shina.

Ukikuta mche umekatwa chini asubuhi, usilaumu kuku. Fukua sentimita 2 au 3 kulizunguka shina, sota yupo hapo, kijivu, amejikunja kama pete. Anasumbua zaidi tuta likipandwa majani mabichi yakiwa yamefukiwa jana. Wiki mbili zipite kwanza.

Kinyungu (Iringa)
Maji: milimita 1 kwenye mita ya mraba ni lita 1. Tuta hilo ni mita za mraba 4.3, na mboga ya Oktoba inakunywa milimita 5 hivi kwa siku. Hiyo ni ndoo moja ya lita 20. Miche ikishashika, bora ndoo mbili kila baada ya siku moja kuliko kunyunyiza kila jioni, maana mzizi unafuata maji yalipo. Juu tandaza nyasi kavu zisizo na mbegu, unene wa sentimita 5, zisibane shina.

Mgeni 07
Tuta langu lilikuwa na viazi mviringo. Naweza kuweka nyanya?

Kitalu Mbalizi
Usiweke. Mnyauko bakteria na ukungu vinatoka kwenye viazi kwenda nyanya moja kwa moja. Weka kabichi, karoti au vitunguu. Kama una shaka na tuta la jirani lenye nyanya zinazonyauka zikiwa bado kijani, kata shina karibu na udongo, tumbukiza kipande kwenye glasi ya maji safi, utulie dakika chache. Ukiona uzi mweupe kama maziwa unashuka kutoka penye jeraha, ni bakteria. Ng'oa, choma, na jembe la tuta hilo lisiingie jingine bila kuoshwa.

Tukuyu Juu
Nyongeza kwa wa mbao. Mvua zikianza, toboeni mbao za chini matundu ya nusu inchi kila futi 2, ama sivyo mtakuwa na bwawa. Na kabla ya mvua hiyo ya kwanza zibueni mifereji, maana maranda ya njiani yanaelea na kwenda kuziba mdomo wa mfereji.