Waliokulia nyumba ya padre wa Kianglikana Unguja na Pemba, tupeane uzoefu

Bintipadre: Leo nimepita Mkunazini kengele ikalia, nikamkumbuka marehemu baba. Barua ya askofu ikifika tu, mama anaanza kufunga vikombe kwa magazeti. Nanyi mlihamishwahamishwa hivi?

Mwana wa Weti: Loh! Usinitoneshe.

Kijana wa Mbweni: Mie siisahau ile ya mkondo wa Nungwi. Baba kaitwa Pemba, mgonjwa mahututi anataka mpako. Upepo wa kusi umekaza, boti hazitoki. Tukapanda mashua Mkokotoni. Katikati ya mkondo mashine kimya, maji yanaingia. Abiria wanasoma Yasini, baba kakumbatia kimkoba chake cha mafuta matakatifu, kanzu imelowa imemganda miguuni, anasali kwa sauti. Nahodha akamfokea: "Padre, Mungu keshasikia, shika ndoo!" Akafua maji hadi alfajiri. Kufika, mgonjwa kaketi kitandani anakunywa uji, ananung'unika padre kachelewa.

Mwana wa Weti: 😂😂 Alipona?

Kijana wa Mbweni: Alipona! Ndiye alokuja kumzika baba.

Mzee Kiungani: Nyie mlideka. Ulizeni padre wetu wa kwanza mwananchi, John Swedi.

Shemeji: Mzee wangu, Swedi alikuwa shemasi, 1879. Padre wa kwanza ni Cecil Majaliwa, 1890. Naye hakukaa mjini, alikuwa Chitangali huko kusini kwa Wayao.

Mzee Kiungani: Shemasi si kasisi?

Shemeji: Shemasi hatoi Misa, mzee.

Bintipadre: Jamani, mada ni uzoefu, si mtihani.

Mzee Kiungani: Mtihani gani? Majaliwa alikuwa mtumwa aliyekombolewa, akasomea hapa Kiungani. Na kanisa hilo unalosikia kengele lilianza kujengwa 1873, mwaka ule ule soko la watumwa lilipofungwa, papo hapo sokoni. Watoto wa padre msipoyajua haya atayajua nani?

Bintipadre: Sawa babu, shikamoo.

Mama Mchungaji: Mie Ramadhani sikupika. Futari inaingia kwa mlango wa mbele na wa nyuma. Krismasi ndo nalipa kwa pilau, mtaa mzima.

Mchumba: Naolewa na padre mwezi ujao. Ushauri?

Mama Mchungaji: Usinunue kabati.

Mwana wa Weti: Nunua, ukihama unauza.

Mama Mchungaji: Nani akununulie? La kwangu la mninga liko Weti hadi leo. Aliye huko aniulizie.