Tulilipia siku saba Kilimanjaro, njia ya Machame, tukapandishwa kwa sita. Kampuni inataka tuseme asante

Wakuu, wanaostahili shikamoo nawaamkia, wengine mambo vipi. Uzi ni mrefu, asiye na muda apite salama. Nimekaa nao wiki mbili nikisubiri hasira zishuke, naona ndiyo kwanza zinapanda.

Tulikuwa watano, wote wa ofisi moja hapa Dar. Tulicheza upatu wa mlima miezi kumi: mshahara ukitoka, 145,000 inakwenda kwa mhazini kabla hujalipa hata umeme. Jumamosi tunaparamia vilima vya Pugu na madumu ya maji kwenye mabegi, wenyeji wanatuuliza kulikoni. Mpaka mwisho kila mtu alikuwa na 1,450,000. Kampuni tuliipata Moshi kwa kuelekezwa. Jina siliweki, maana sijajua bado naanzia ofisi gani na sitaki kujimaliza mwenyewe. Makubaliano yako kwenye maandishi: Kilimanjaro, njia ya Machame, siku saba, kulala mara sita. Risiti ninayo, na ujumbe wote wa WhatsApp ninao.

Tukapandishwa kwa siku sita.

Najua kuna mtu anasema siku moja kitu gani. Ngoja nieleze. Siku ya kwanza unakata msitu hadi kambi ya Machame. Ya pili unalala Shira. Ya tatu unapandishwa hadi Lava Tower, mita 4,600 na ushee, unakula mchana pale kichwa kikigonga kama kuna fundi bati ndani, halafu unateremshwa kulala Barranco, chini ya mita 4,000. Panda juu, lala chini, ndivyo wenyewe wanavyosema: mwili unaonjeshwa hewa nyepesi, unarudishwa ukazoee. Ya nne unapanda ule ukuta wa Barranco kwa mikono na magoti, mchana uko Karanga, unakula na kulala. Ya tano ni matembezi mafupi tu hadi kambi ya Barafu. Unafika jua liko juu, unajinyoosha mchana mzima, usiku wa manane ndipo unaondoka kutafuta kilele.

Ukiifuta Karanga, siku ya nne na ya tano zinakuwa moja. Unaamka Barranco, unapanda ukuta, unashuka bondeni, unapanda tena, unaburuzwa hadi Barafu, mita 4,670 hivi. Sisi tulifika saa kumi na moja jioni. Saa tano usiku tukaamshwa. Yaani mlima wote, usiku mgumu kuliko wote, tuliuendea tukiwa na usingizi wa saa nne, na hizo nazo umezimaliza ukigeuka geuka maana pale hata usingizi unakosa pumzi.

Dada wa ofisi ya kampuni nilipompigia aliniambia Karanga yenyewe iko juu ya Barranco kidogo tu, "haiongezi kitu, mteja wetu". Ni kweli, kwa urefu hazipishani sana. Lakini mtu halali Karanga kwa ajili ya urefu! Analala pale ili afike Barafu akiwa mtu, siyo gunia.

Tulivyojua ni hivi. Kila kambi ina kibanda cha hifadhi na daftari la kusaini: jina, umri, uraia, kampuni, siku ngapi. Getini nilisaini mbiombio, mvua ilikuwa inaanza na kila mtu anahangaika na koti. Kosa langu hilo, nimelikubali. Shira ndipo macho yakatua kwenye safu ya siku. Sita. Sita. Sita. Watu watano, sita. Nikamwita kiongozi pembeni. Hakubisha wala hakunidanganya, alitazama viatu vyake.

"Kaka, mimi kibali nimekabidhiwa asubuhi ile ile getini. Jana yake na mimi niliambiwa saba."

Mnaelewa mchezo? Hifadhi inalipwa kwa siku, kambi kwa usiku. Ukikata siku moja, kiingilio cha watu watano kinabaki, chakula cha siku kinabaki, na ujira wa siku wa wapagazi wote unabaki. Unabaki wapi, mnapajua. Na kabla hamjaniambia bei yetu ilikuwa ndogo: mgeni kutoka nje analipa hifadhi dola 70 kwa siku kabla ya VAT, sisi wananchi tunalipa kwa shilingi na ni kidogo mno ukilinganisha. Kwa hiyo ada za serikali hazikuwashinda. Kama 1,450,000 haitoshi siku saba, sema haitoshi. Tungechanga mwezi mmoja zaidi, au tungechagua sita wenyewe kwa akili zetu.

Tulipiga simu palepale Shira, mtandao ulipatikana ukipanda jiwe moja. Jibu: "Watanzania wengi wanapanda kwa sita, na nyie ni vijana." Mmoja wetu ana miaka 51.

Sasa njooni kwenye wapagazi, wagumu kama wanavyojiita. Pale geti la Machame mizigo hupimwa kwenye mizani, kilo 20 ndiyo mwisho kwa mtu. Wakati wa kupima walikuwa kumi na wanne. Jioni kambini nilihesabu kumi na moja. Watatu waligeuza baada ya kona ya kwanza, walikuja kwa ajili ya mizani tu, na mizigo yao ikagawiwa waliobaki. Kijana aliyebeba begi langu alikuwa na hema na mtungi wa gesi juu yake. Raba yake ya kushoto imefungwa kwa kamba ya katani. Nilimuuliza unalipwa ngapi, akasema ameahidiwa 12,000 kwa siku. Unakula mara ngapi? Mara moja, jioni, ugali na kabichi. Nikamwambia nitalisema hili nikishuka. "Blaza, usinitaje. Nikitajwa, msimu ujao siitwi." Nikajisikia vibaya kwa namna ambayo siwezi kuieleza, maana kila tulipofika kambini wale wale walikuwa wanatuimbia na kupiga makofi.

Chakula cha wageni sitakizungumza sana. Mpishi wetu, mzee mmoja wa Kibosho, alifanya alichoweza na karoti alizopewa, na bisi zake za jioni Mungu amlipe. Mfuko wa kulalia niliokodishwa na kampuni hiyo hiyo zipu ilikufa usiku wa kwanza. Nikaushona kwa pini.

Usiku wa kileleni. Hapa ndipo naomba mnisome taratibu.

Tulitoka Barafu saa sita usiku. Mwenzetu wa uhasibu, dada mwenye pumzi kuliko sisi wote, yule ambaye Pugu alikuwa anatusubiri juu akichezea simu, saa tisa usiku alianza kuyumba. Kwanza tukadhani uchovu. Halafu akaniuliza kama nimefunga geti, mbwa wasitoke. Geti gani, dada? Akarudia, mbwa wasitoke. Tulikuwa juu ya mita 5,000 kwenye changarawe.

Kiongozi msaidizi akatoa kile kipimo cha kidoleni cha oksijeni. Hakiwaki. Betri zimekufa. Kampuni inapandisha watu watano hadi karibu mita elfu sita na haijabeba betri mbili za akiba. Nikafungua tochi yangu ya kichwani, nikatoa betri zangu, zikaingia. Kikasoma asilimia 58. Msaidizi hakusema kitu, alimwangalia tu mwenzake. Mtungi wa oksijeni uko wapi? Uko Barafu, kwenye hema la jiko, "kwa sababu mzito".

Hapo hapo wakaamua ashuke, na kwa hilo nawashukuru wale vijana, hawakubembelezana na mtu. Mwenzetu mwingine aliyekuwa anatapika akashuka nao. Kutoka Barafu dada alipakiwa kwenye machela ya tairi moja, wagumu sita wakikimbia nayo kwenye mawe ya njia ya Mweka, wawili mbele, wawili nyuma, wawili pembeni wanashika. Alipofika chini kabisa kwenye miti alianza kuongea sawasawa na kuuliza viatu vyake. Dawa ya ugonjwa ule ni kushuka, hakuna nyingine ya kuiamini. Daktari wa Moshi alisema ubongo ulikuwa umeanza kuvimba na kwamba kama wangechelewa, hii ningekuwa naandika tanzia.

Mimi niliendelea kwa mwanga wa tochi ya mwenzangu, nikikanyaga anapokanyaga. Jua lilinikuta Stella Point. Kutoka pale kilele cha Uhuru kinaonekana, watu wanatembea chini ya saa moja. Nilikaa kwenye jiwe, nikatazama barafu, nikaanza kuona kila mtu yuko wawili. Nikageuza. Wenzangu wawili walifika 5,895 na nimefurahi kwa ajili yao, kweli kabisa. Cheti changu kimeandikwa Stella Point. Mama yangu amekitundika sebuleni na kila mgeni anamweleza kuwa ndiyo kilele. Sijamsahihisha.

Siwezi kuapa kwamba kwa siku saba wote tungefika. Mlima hauna mkataba na mtu, na wapo wanaougua hata wakipanda kwa siku nane. Ila usiku ule wa Karanga tulikuwa tumeulipia, na ulikuwa wetu.

Tuliposhuka tukaenda ofisini kwao na matope yetu. Mwenye kampuni mwenyewe alitupokea, mtu mzima, anaongea kwa upole wa kukukera. Akasema mlima una changamoto zake. Akasema tumerudi siku moja kabla "ili mpumzike". Tumepumzikia wapi? Tiketi zetu za basi zilikuwa za keshokutwa, gesti ya siku mbili tulilipa wenyewe mfukoni. Nikamuonyesha makubaliano, siku saba, muhuri wake. Akasema hiyo ni karatasi ya jumla. Akaita msaidizi, wakatuletea fulana tano zenye picha ya mlima, na akatuomba, nisikilizeni vizuri, tumwandikie maneno mazuri mtandaoni, tumpe nyota tano.

Ninachotaka si kikubwa. Pesa ya siku moja irudi kwa watu watano. Bili ya hospitali ya dada ilipwe. Na wale kumi na mmoja walipwe siku yao ya saba, maana na wao waliahidiwa saba. Wenye uzoefu nisaidieni: hili linaanzia KINAPA, yaani Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro, ambao vibali na madaftari wanayo, au kwa wanaotoa leseni ya TALA, ile ya biashara ya utalii? Kuna aliyewahi kurudishiwa pesa? Wenye kampuni za mlima humu, msinijie PM na punguzo, nijibuni hapa hapa ni nani anayebadilisha siku kwenye kibali bila mteja kujua.

Nyongeza, saa nne usiku: wanaouliza kwa nini tusingegoma Shira. Tulijadili. Kulala siku ya ziada kunataka kibali kiongezwe na kulipiwa, chakula kilikuwa cha siku sita, na wagumu wangebeba njaa yetu. Ndiyo maana tukaendelea.

Nyongeza ya pili: yule kijana wa raba amenitumia ujumbe sasa hivi. Ujira wa siku mbili bado hawajamlipa. Nimemrushia 20,000 akatafute buti za mtumba soko la Memorial. Fulana za kampuni ziko hapa kwenye mfuko wa karatasi. Zote tano ni XL.