Nauziwa kiwanja kwenye uwanja wa ndege uliokufa, nichukue au nikimbie?

Mwana wa Mikorosho
Wakuu, habari za majukumu. Naombeni ushauri, hasa wazoefu wa mambo ya ardhi.

Niko wilaya moja huku kusini, jina naliweka kapuni. Tuna uwanja wa ndege wa changarawe ambao mimi na miaka yangu 34 sijawahi kuona ndege ikitua. Nguzo ya lile tambara la kuonyesha upepo ipo, tambara lenyewe halipo. Kijumba cha abiria kimeezuliwa mabati, wanalala mbuzi. Msimu wa korosho watu wanaanika palepale pa kutulia ndege, maana pamenyooka na jua halina kizuizi.

Sasa kuna dalali ananiuzia 20 kwa 30 upande wa mashariki, milioni moja na nusu. Karatasi anayonionyesha ni makubaliano ya mauziano yenye mhuri wa mtaa, basi. Nikiuliza ananijibu, "Huu uwanja serikali ilishausahau." Misingi miwili tayari imechimbwa. Mke wangu anasema tuwahi kabla bei haijapanda.

Chumvi Kidogo
Yaani unauziwa kiwanja ndani ya kiwanja 😂 Ukimaliza kupaua weka taa nyekundu juu, marubani wakuone.

Babu wa Kusini
Mjukuu, hapo si Nachingwea?

Mwana wa Mikorosho
Hapana babu, ila si mbali.

Babu wa Kusini
Basi sikiliza. Nachingwea ndege zililetwa na mradi wa karanga wa Waingereza, ule wa Kongwa, Urambo na Nachingwea. Ulikufa 1951, karanga zenyewe hazikuonekana. Reli waliyoijenga kutoka Mtwara ikang'olewa mwanzoni mwa miaka ya 60. Ndege ndizo zikabaki, zile Dakota za East African Airways. Shirika likavunjika 1977, tukawa na shirika letu wenyewe, ATC (Air Tanzania), safari zikapungua kidogo kidogo.

Nyie vijana hamkuijua Rufiji ya masika. Pale Ndundu ulikuwa unalala na mzigo wako ukisubiri pantoni, unakula mihogo ya kuchoma hadi unaichukia. Mgonjwa, barua, gazeti, vyote vilitazamia ndege. Daraja la Mkapa lilipofunguliwa 2003, na lami ikafuata, nani tena atoe nauli ya ndege? Kwa hiyo huyo dalali anakudanganya. Uwanja ulikosa abiria, haukukosa mwenyewe.

Mpima wa Zamani
Babu kamaliza. Naongezea ya kiofisi.

Mwenyekiti wa mtaa hana mamlaka ya kugawa ardhi, mhuri wake hapo ni ushahidi tu kwamba mliuziana. Nenda ofisi ya ardhi ya halmashauri, omba kuona ramani ya mipango miji na michoro ya upimaji ya eneo hilo. Ikiandikwa uwanja wa ndege, hata nyasi zifike kiunoni bado ni uwanja wa ndege, mpaka matumizi yabadilishwe kisheria. Kisha andika barua kwa Mamlaka ya Viwanja vya Ndege uwaulize mpaka unaishia wapi. Usiende kwa mdomo, andika, ugongewe mhuri wa kupokelewa.

Na kabla ya yote tembea na jembe. Tafuta bikoni, ile alama ya mpaka wanayoweka wapima.

Binti Kipunguni
Kaka, sisi wa Dar tunajua maana ya kupisha uwanja. Na wewe ukijenga ndani ya mpaka, siku ya kuvunjiwa usitegemee fidia. Angalia Songea, ilikaa bila ndege za shirika letu, ukarabati ukaja, sasa zinatua.

Chumvi Kidogo
Ila milioni moja na nusu mbele ya changarawe iliyonyooka hivyo... natania jamani.

Mwana wa Mikorosho
Mrejesho. Jumamosi nilienda na jembe na mdogo wangu. Hatua kama arobaini *nje* ya kiwanja ninachouziwa, chini ya mkorosho, tumekuta bikoni ya zege, namba zake bado zinasomeka. Maana yake mimi niko ndani kabisa ya mpaka wa uwanja. Jumatatu naenda ardhi na picha.

Dalali nimemwambia nasubiri majibu ya ofisi. Amenipigia sasa hivi, kashusha mpaka laki sita.