Nimeitwa interviu ya frontendi Westlands: nikeshe na algorithimu au nirudi kwenye misingi?

Kijana_wa_Rongai

Habari zenu wakuu. Nimeitwa kwa mahojiano ya kazi ya frontendi (kujenga sehemu ya tovuti anayoiona mtumiaji), kampuni ya teknolojia, Westlands. Hatua ni tatu: kwanza simu na mtu wa ajira, halafu kazi ya kufanyia nyumbani, mwisho kuandika msimbo huku wahandisi wawili wanatazama skrini yangu. Nina wiki mbili.

React (maktaba ya JavaScript ya kujengea kurasa) naijua kiasi, na miradi yangu michache iko GitHub, kule tunakohifadhi msimbo mtandaoni. Marafiki wananiambia nikeshe na mafumbo ya algorithimu, yaani hatua za kutatua tatizo kwa msimbo. Lakini tangazo lenyewe linataja HTML, CSS na JavaScript kwanza, React inakuja baadaye. Vyote haviwezi kutosha kwenye wiki mbili. Mliopita njia hii, mngeanzia wapi? Na mshahara unatajwa lini?

DadaMsimbo

Hongera, mdogo wangu. Mimi huwa nakaa upande wa wanaouliza maswali, kwa hiyo nisikilize: rudi kwenye misingi.

Nakueleza kinachotokea. Mtu anakuja na React safi kabisa, kisha namwomba ajenge sehemu ya kutafutia mitaa ya Nairobi. Mtumiaji anaandika "Ka", yanatokea majina: Karen, Kasarani, Kawangware, Kayole. Anaongeza "y", inabaki Kayole. Ni kitu kidogo, lakini ndani yake mna nusu ya kazi yetu.

Kwanza, je, unaipigia seva kila herufi inapobonyezwa? Afadhali usubiri mtu atulie, tuseme milisekunde 300, ndipo utume ombi. Jifunze kuiandika hiyo mwenyewe kwa `setTimeout` na `clearTimeout` (kuweka na kufuta kipima muda), bila maktaba. Ukiiweza bila kutazama popote, basi kloja (fanksheni inayokumbuka vigeu vya mahali ilipoandikwa) umezielewa, maana bila kloja haifanyi kazi.

Pili, na hapa ndipo wengi hukwama: ombi la "Ka" limechelewa njiani, la "Kay" limewahi kurudi. Sasa jibu la zamani linafika mwisho na kulifunika jipya. Mtumiaji ameandika "Kay" lakini anaonyeshwa Karen. Utafanyaje? Unaweza kulikata ombi la kwanza kwa `AbortController`, zana ya kivinjari ya kusitisha ombi, au ukalipuuza jibu lisilolingana na maandishi yaliyopo kwenye kisanduku. Ukilisema hili kabla sijakuuliza, mimi binafsi nimeshakupa alama nzuri.

Tatu, mtandao ukikatika ataona nini? Na kama hakuna mtaa wenye jina hilo? Na asiyetumia kipanya atashukaje kwenye orodha kwa vishale vya kibodi? Hakuna swali hata moja hapo linalojibiwa na React yenyewe.

Fundi_wa_Kurasa

Naunga mkono. Niongeze swali ambalo halikosi kuulizwa. Sema hii inachapisha nini, kwa mpangilio gani:

`console.log('A');`
`setTimeout(() => console.log('B'), 0);`
`Promise.resolve().then(() => console.log('C'));`
`console.log('D');`

Jibu ni A, D, C, B. Usilikariri. Msimbo wa kawaida humalizika kwanza, halafu foleni ya Promise (ahadi ya jibu litakalokuja baadaye) humalizwa yote, ndipo zamu ya `setTimeout` ifike, hata kama umeiandikia sifuri. Baada ya hapo chukua kitanzi cha `for` kinachohesabu kuanzia 0 hadi 2, weka `setTimeout` ndani yake, uone kwa nini `var` inachapisha 3 mara tatu na `let` inachapisha 0, 1, 2.

Kwenye HTML, kitufe kiwe `button`. Ukitumia `div` (kisanduku cha kawaida tu) iliyopakwa rangi, mtu wa kibodi hataifikia kwa Tab na Enter haitafanya lolote mpaka uongeze yote hayo kwa mkono. Rangi ya maandishi ya kawaida dhidi ya mandharinyuma ifike uwiano wa 4.5 kwa 1. Kuna wasioona vizuri, na kuna sisi wote tunaosoma simu juani pale stejini.

Mzee_wa_Seva

Msimpotoshe kijana. Inategemea kampuni. Microsoft walifungua kituo chao cha uhandisi hapa mwaka 2019, na Google wakatangaza chao 2022. Kampuni za ukubwa huo zina raundi ya algorithimu, hata kwa mtu wa frontendi. Ndugu, mwulize mtu wa ajira waziwazi kwenye ile simu: raundi ya mwisho ni ya mafumbo au ya kujenga kitu? Ni swali la kawaida, hakuna atakayekuona mjinga.

Hata wakisema ni ya kujenga, jua kuupitia mti, maana ukurasa wenyewe ni mti wa elementi, na jua kutumia `Map` (orodha ya jozi za jina na thamani) kuhesabu au kupanga vitu kwa makundi.

DadaMsimbo

Hapo sikupingi, Mzee. Aulize kwanza.

Wambo_254

Kaka, kuhusu kazi ya nyumbani. Uliza inatarajiwa kuchukua saa ngapi na ujiwekee mpaka. Mimi kuna kampuni iliwahi kunipa "jaribio" ambalo lilikuwa ukurasa mzima wa bidhaa yao, nikaulizwa lini nitaunganisha na malipo. Nilikataa, na ningekataa tena.

Ikiwa ni ya haki, chukua mfano wa fomu ya kulipia kwa M-Pesa. Tumia `type="tel"`, kubali namba za 07 na za 01, kubali +254, usimkaripie mtu kwa kuacha nafasi katikati ya tarakimu. Zuia malipo kutumwa mara mbili akibonyeza tena kwa wasiwasi. Kisha fungua zana za Chrome, punguza kasi ya mtandao, uitazame kama mtu mwenye simu ya bei nafuu na bando linaloisha. Kitu kikubwa kuliko vyote kwenye skrini kionekane ndani ya sekunde 2.5. Picha ziwe na upana na urefu ulioandikwa ili ukurasa usirukeruke. Andika README (faili la maelezo ya mradi) fupi useme uliacha nini na kwa nini.

Mshahara: wakikuuliza mapema, waombe wao wataje kiwango walichotenga. Ukitaja wewe, sema kama ni kabla ya makato au baada yake. PAYE (kodi ya mapato), NSSF (akiba ya uzeeni), SHIF (bima ya afya) ya asilimia 2.75 na ushuru wa nyumba wa asilimia 1.5 vikishapita, kinachoingia benki ni kingine kabisa.

Kijana_wa_Rongai

Asanteni sana, nimeanza na ile ya mitaa usiku huu huu. Ninachokiogopa zaidi ni kuongea huku naandika. Nikitazamwa nanyamaza kabisa. Na nikisahau jina la kitu je, naruhusiwa kutafuta?

DadaMsimbo

Kunyamaza ndiko kunakotunyima cha kupima, kwa hiyo lifanyie kazi. Mtafute mtu wa kukaa naye, hata kama haijui JavaScript, umweleze kila mstari kabla hujauandika. Mahojiano yenyewe yatakuwa kwa Kiingereza, basi fanya mazoezi kwa Kiingereza, maana kichwani tunafikiri kwa Kiswahili na Sheng na ukibanwa maneno hukimbia. Ukihitaji kufikiri kimya, sema "nipeni dakika moja" na uichukue.

Kutafuta, uliza mwanzoni kama MDN, ile tovuti ya maelezo ya HTML, CSS na JavaScript, inaruhusiwa. Kwangu mimi huruhusiwa, na huwa natazama mtu anatafuta nini.

Mzee_wa_Seva

Na kama ni ya mtandaoni, laptopu ijae chaji na simu iwe na bando la hotispoti. Stima ikipotea, waandikie hapo hapo, watakupangia saa nyingine.