Majirani Magomeni: simu mkononi barabarani

Mjumbe: Habari za jioni jamani. Tuwaambie vijana wetu, kuvuka njia ya mabasi ya mwendokasi pale Mapipa huku mtu anachati kunatia hofu.

Baba Karim: Kweli mjumbe. Kinachowaponza ni foleni. Magari ya kawaida yamesimama, mtu anapenya katikati yake, anadhani barabara nzima imelala. Mwendokasi haina foleni, na basi la express halisimami kila kituo. Bodaboda nao wanachomekea humohumo, wengine upande usio wao.

Pili: Na earphone?

Baba Karim: Zitolewe zote mbili kabla ya kukanyaga lami. Pale unavuka mara tatu: magari, mabasi, magari tena. Kila hatua tazama upya kulia na kushoto.

Fundi Salum: Niongezee upande wa vibaka. Pikipiki ya watu wawili inamtafuta aliyesimama ukingoni, simu iko mkono wa upande wa barabara, na iko wazi. Hiyo ndiyo wanayoitaka, maana hawahitaji kuvunja loki. Ukilazimika kupokea, ingia dukani au egemea ukuta. Kwenye daladala la foleni, kaa mbali na dirisha au funga kioo.

Android 10 kwenda juu nyingi zina kinga ya kukwapuliwa: Mipangilio, Google, ulinzi dhidi ya wizi. Ikihisi simu imenyakuliwa na mtu anakimbia, inajifunga. Haishtuki kila mara, kwa hiyo weka pia skrini ijifunge baada ya sekunde 30.

Pili: Ikishaenda je, fundi?

Fundi Salum: Omba simu ya mtu wa mtandao wako, piga 100, wafunge laini na akaunti ya pesa. Hiyo kwanza, polisi baadaye kuchukua RB, yaani namba ya taarifa yako. Kurudisha laini utahitaji namba ya NIDA na alama za vidole.

Wekeni na PIN ya laini. Bila hiyo mwizi anahamishia laini kwenye simu nyingine, namba zote za uthibitisho zinazotumwa kwa SMS zinamfikia. Ukiikosea mara 3 inadai PUK, namba ya kufungulia laini yenye tarakimu 8, ipo kwenye kile kikadi ulichotolea laini. Msibahatishe, PUK ikikosewa mara 10 laini inakufa.

Mama Sauda: Na sisi wa kitochi?

Fundi Salum: Shikamoo mama. Bonyeza *#06#, uandike IMEI, namba ya utambulisho wa simu, kwenye daftari la nyumbani.

Mama Sauda: Marahaba. Zimetokea mbili.

Fundi Salum: Ni ya laini mbili. Andika zote.